Barumbu: Tovuti chafu zizuiwe mlangoni mwa nyumba, si Kinshasa

Barumbu, Kisangani. – Jioni, umeme ukirudi baada ya delestage, parseli nyingi zinaanza na kazi moja: kuchaji simu. Simu moja ya Android inamtumikia papa aliyenunua mega, mama anayepokea franga kwa simu, kijana wa sekondari anayetafuta jibu la somo, na mtoto wa miaka 8 anayependa katuni. Katika parseli zilizopokea ndugu waliokimbia vita, simu hiyo hiyo inaweza kugawanya intaneti kwa simu nyingine tatu au nne. Saa tatu ya usiku mlango wa parseli unafungwa kwa kufuli. Mlango wa intaneti unabaki wazi mpaka asubuhi, na hakuna anayeuliza nani ameingia.

Wanaoingia wanajulikana. Kuna picha na video za uchafu ambazo mtoto anakutana nazo hata bila kuzitafuta, kwa kugusa tangazo moja tu. Kuna kurasa za bahati nasibu na kamari ya mpira zinazokula franga za chakula. Kuna kurasa za uongo zinazojifanya shirika la misaada na kuomba jina, namba ya simu, na mwishowe namba ya siri ya akaunti ya pesa. Kuna virusi vinavyoingia kwenye kompyuta ya ofisi na kufunga kazi yote.

Juu ya jambo hili, watu wamegawanyika sehemu mbili. Wa kwanza wanasema: serikali izifunge hizo tovuti na mambo yaishe. Wa pili wanasema: mtoto anyang'anywe simu na mambo yaishe. Wote wawili wanakosea, na wanaolipa kosa lao ni watoto na familia zilizokimbia makwao. Tovuti chafu zinaweza kuzuiwa. Lakini azizuie mwenye nyumba katika nyumba yake, na mkubwa wa kazi katika ofisi yake, kwa njia inayojulikana na kila anayeitumia intaneti hiyo. Kazi hiyo haiombi franga hata moja. Inaomba nusu saa na mtu mzima mwenye nia.

Serikali ikishika ufunguo

Wanaotaka Kinshasa ifunge wakumbuke namna Kinshasa ilivyofunga. Katika mwezi wa kwanza wa 2015, wakati wa maandamano juu ya sheria ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchini. Katika mwezi wa 12 wa 2016, muhula wa pili wa Rais Joseph Kabila ulipofika mwisho, mitandao ya kijamii ilizuiwa. Tarehe 30 mwezi wa 12 wa 2017, siku moja kabla ya maandamano ya Wakatoliki, waziri wa posta na mawasiliano, Emery Okundji, aliamuru kampuni za simu zikate intaneti na ujumbe mfupi. Mwaka mmoja baadaye, baada ya uchaguzi wa tarehe 30 mwezi wa 12 wa 2018, intaneti ilikatwa tena karibu siku 20, mpaka tarehe 19 mwezi wa kwanza wa 2019. Na mwanzo wa 2025, baada ya Goma kuanguka mikononi mwa M23, watu wengi nchini walishindwa kufungua X na TikTok bila kupita njia za kuzunguka.

Katika mara zote hizo, hakuna mtoto hata mmoja aliyelindwa dhidi ya picha chafu. Waliofungiwa ni watu waliotaka kujua nani ameshinda, wapi kuna risasi, ndugu yuko wapi. Serikali ikifunga mlango, inafunga ule unaoiogopesha yenyewe. Ule unaomtisha mama wa Barumbu inauacha kama ulivyo.

Uganda inatoa somo la pili. Mwaka 2018 mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo iliamuru kampuni za intaneti zifunge orodha ya tovuti za uchafu. Wengi walifurahi. Lakini ufunguo ule ule ulitumika tena: katika mwezi wa kwanza wa 2021, siku ya kuamkia uchaguzi mkuu, intaneti yote ilikatwa kwa siku kadhaa, na iliporudi, Facebook ilibaki imefungwa. Anayemkabidhi serikali ufunguo kwa ajili ya uchafu asishangae siku atakapoukuta umefunga habari.

Katiba ya Kongo ya tarehe 18 mwezi wa pili wa 2006 iligawa kazi hizi vizuri. Kifungu cha 24 kinampa kila mtu haki ya kupata habari. Kifungu cha 41 kinawapa wazazi wajibu wa kuwatunza watoto na kuwalinda dhidi ya ukatili, ndani na nje ya nyumba. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 mwezi wa kwanza wa 2009 na sheria ya mambo ya kidijitali ya tarehe 13 mwezi wa tatu wa 2023 zipo pia, na polisi na mahakama wawafuate wanaotengeneza na kuuza picha za watoto. Hiyo ni kazi ya serikali, na ifanywe. Lakini kuamua mtoto wa nani aone nini saa mbili ya usiku katika parseli ya kartie, hiyo ni kazi ya wazazi wake.

Mzee wa njia panda

Ili kuelewa namna chujio linavyofanya kazi, inatosha kumfikiria mpanda toleka. Abiria anapanda kinga na kutaja jina la nyumba. Mpanda toleka haijui. Anasimama kwenye njia panda na kumuuliza mzee anayejua nyumba zote. Mzee anamwonyesha, safari inaendelea.

Intaneti ni hivyo hivyo. Simu haijui majina ya tovuti. Inajua namba tu. Mtu akiandika jina, simu inauliza kwanza mashine fulani: jina hili lina namba gani? Mashine hiyo inaitwa DNS, na ndiyo mzee wa njia panda. Kwa kawaida mzee huyo anachaguliwa na kampuni ya simu, na anaonyesha kila nyumba: ya daktari, ya mwizi na ya malaya.

Chujio maana yake ni kuchagua mzee mwingine, ambaye akiulizwa nyumba ya uchafu au ya mwizi anajibu: sijui. Toleka inarudi mtupu. Wazee wa namna hiyo wapo, na hawaombi malipo. Kampuni ya Cloudflare ilifungua wa kwake kwa ajili ya familia tarehe 1 mwezi wa nne wa 2020. Namba zake ni 1.1.1.3 na 1.0.0.3, na anakataa tovuti za uchafu na za virusi. OpenDNS, iliyonunuliwa na Cisco mwaka 2015, ina huduma iitwayo FamilyShield, kwa namba 208.67.222.123 na 208.67.220.123. AdGuard ina namba 94.140.14.15 na 94.140.15.16, huyo anazuia pia matangazo mengi, na matangazo yakipungua, mega nazo zinadumu zaidi. Quad9, kwa namba 9.9.9.9, anakataa virusi na wezi tu. Picha chafu hazimhusu.

Namba hizo ziandikwe kwenye kikaratasi. Ndizo dawa yenyewe.

Nyumba au ofisi yenye ruta, yaani kile kisanduku chenye antena kinachogawanya wifi, inafanya kazi mara moja tu kwa ajili ya vifaa vyote. Mtu mzima anaunganisha simu au kompyuta na wifi hiyo, anafungua kivinjari na kuandika 192.168.1.1 au 192.168.0.1, mara nyingi namba sahihi imeandikwa chini ya kisanduku chenyewe, pamoja na jina na neno la siri. Anatafuta mahali palipoandikwa DNS, mara nyingi ndani ya sehemu ya Internet, WAN au DHCP. Hapo anaandika namba mbili za mzee mmoja, anahifadhi, anazima ruta na kuiwasha tena.

Makosa matatu yanaharibu kazi hiyo kila siku. La kwanza ni kuandika namba ya kwanza ya chujio na ya pili ya mzee asiyechuja, kama 8.8.8.8 ya Google. Simu inaweza kumuuliza yeyote kati yao, na mlango unabaki wazi nusu. Namba zote mbili zitoke kwa mzee mmoja. La pili ni kuacha neno la siri la kiwandani kwenye ruta. Kijana wa miaka 14 anajua kwamba neno hilo mara nyingi ni «admin», naye atarudisha mambo yalivyokuwa kabla wali haujaiva. Neno libadilishwe siku hiyo hiyo. La tatu ni kujaribu mara moja, kuona ukurasa wa zamani unafunguka bado, na kusema chujio ni bure. Simu inakumbuka majibu ya zamani kwa muda. Izimwe na kuwashwa, ndipo ijaribiwe tena. Na anayejaribu awe mtu mzima, watoto wakiwa mbali.

Nyumba nyingi hazina ruta

Hapa wengi watasema: ruta ni ya watu wa ofisi, huku intaneti ni mega ya simu. Ni kweli, na ndiyo sababu maelezo mengi yanayotoka Ulaya hayamsaidii mkaaji wa Kisangani. Kwake, mtandao wa nyumba ni simu ya papa.

Lakini simu yenyewe ina mlango wake. Tangu Android 9, iliyotoka mwaka 2018, simu nyingi zina mahali panapoitwa «DNS privé» kwa Kifaransa. Mtu anafungua «Paramètres», anaingia «Réseau et Internet» au «Connexions», anatafuta «DNS privé», anachagua kuandika jina la mtoa huduma, na kuandika: family.cloudflare-dns.com au family.adguard-dns.com. Basi. Kuanzia hapo simu hiyo inamuuliza mzee mwema iwe kwenye wifi, iwe kwenye mega za Vodacom, Airtel au Orange. Wifi fulani ikikataa kufanya kazi na mpangilio huo, mtu anarudisha «Automatique» kwa muda, kisha anakumbuka kuuweka tena.

Jambo moja lishikwe vizuri: simu inayogawanya intaneti haigawanyi chujio lake. Papa akiweka jina hilo kwenye simu yake na kuwasha hotspot, asifikiri simu za wengine zimelindwa. Kila simu iwekewe lake. Kwa parseli yenye simu tano, ni kazi ya dakika kumi na tano.

Kwa kamari ya mpira, vichujio hivyo vya familia havitoshi, kwa sababu vingi havikuitengenezewa orodha. Kwenye ruta, mwenye nyumba anaweza kutafuta sehemu ya «contrôle parental» au «filtrage» na kuandika majina ya tovuti anazotaka kuzizuia, moja moja. Kwenye simu isiyo na ruta, dawa ya kamari ni kushika vizuri namba ya siri ya akaunti ya pesa, na kuzungumza.

«Watapata njia tu»

Pingamizi linalorudiwa sana ni hili: vijana watapata njia. Watapakua VPN. Watakwenda kwa jirani. Watatazama shuleni.

Ndiyo, wengine watapata. VPN ni sawa na abiria anayejua njia mwenyewe: haulizi mzee wa njia panda. Wakongomani wengi walijifunza VPN katika miaka ya kukatiwa intaneti, na ujuzi huo hautasahaulika. Lakini pingamizi hilo linapima chujio kwa kipimo ambacho hakuna anayekitumia kwa kufuli la mlango. Mwizi mwenye nia anavunja kufuli, na bado hakuna mzazi anayelala mlango wazi. Kijana wa miaka 17 aliyeamua atapita. Mtoto wa miaka 8 aliyegusa tangazo bila kujua hatapita. Chujio ni kwa ajili ya huyo wa pili. Kwa huyo wa kwanza hakuna mashine. Kuna mzazi anayekaa naye na kumweleza kwa nini. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na hakuna namba ya DNS inayolea.

Wengine wanaona ni rahisi zaidi kunyang'anya simu. Waangalie kwanza nani ananyang'anywa. Mara nyingi ni msichana. Kaka yake anaendelea kutazama mpira, yeye anaambiwa simu inaharibu wasichana. Matokeo yake ni msichana asiyejua kutambua ukurasa wa uongo siku atakapokuwa na simu yake, na asiye na namna ya kumwita mtu wakati wa shida. Kumfungia mtoto nje ya intaneti yote kwa sababu ya sehemu yake chafu ni kuchoma nyumba kwa sababu ya panya.

Na liko jambo ambalo wanaume wengi hawataki lisemwe. Papa anataka chujio liwekwe kwenye simu ya mtoto, si kwenye yake. Lakini ni simu yake hiyo hiyo ambayo mtoto anaishika akiwa amelala. Ni humo ndani ambamo mtoto anakuta kile ambacho papa alikiangalia jana, au video iliyotumwa katika kikundi cha WhatsApp cha wanaume wa kazini. Chujio la DNS haliingii ndani ya WhatsApp. Hakuna mzee wa njia panda anayeweza kukataa barua iliyoletwa mkononi. Mtu mzima anayetaka nyumba safi aanze kwa kutoka katika vikundi hivyo, au kwa kuzima upakuaji wa video wa moja kwa moja. Akishindwa hilo, asimlaumu mtoto wala Kinshasa.

Ofisini: kuzuia si kupeleleza

Ofisi za Kisangani zinaongeza wifi mwaka hadi mwaka. Katika mwezi wa tano wa 2025 mamlaka ya posta na mawasiliano, ARPTC, iliipa Starlink kibali cha kufanya kazi Kongo, na visahani vyake vitaonekana juu ya mapaa ya shule, zahanati na mashirika. Ofisi inayolipia intaneti ina haki ya kusema intaneti hiyo si ya uchafu wala kamari. Kompyuta moja iliyoshikwa na virusi inaweza kufuta orodha ya wagonjwa au ya familia zinazongojea msaada. Chujio ni sehemu ya kazi, kama kufunga kabati la faili.

Ila baadhi ya wakubwa wa kazi wanavuka mpaka. Wanaanza na uchafu, kisha wanaongeza Facebook, kisha redio, kisha kurasa za habari zilizowataja vibaya. Wengine wanataka kujua kila mfanyakazi amefungua nini. Hapo si ulinzi tena. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda maisha ya faragha na siri ya mawasiliano ya kila mtu, na hakikusema isipokuwa ofisini.

Kanuni tatu zinatosha kutenganisha mlinzi na mpelelezi. Orodha ya vinavyozuiwa iwe fupi, iandikwe, na ibandikwe ukutani karibu na neno la siri la wifi. Kusiwe na tovuti ya habari ndani yake. Na awepo mtu mmoja anayejulikana, ambaye mfanyakazi au mgeni anaweza kumwendea na kusema: ukurasa huu umezuiwa kwa makosa, ufunguliwe. Makosa hayo yapo. Chujio linaweza kuzuia tovuti ya uzazi au ya ugonjwa wa zinaa iliyowekwa kwa makosa katika orodha, na muuguzi akakosa anachohitaji. Asiye na mlango wa malalamiko hajaweka chujio. Ameweka kizuizi cha barabara.

Na tusijidanganye kuhusu mzee wa njia panda: yeyote anayejibu maswali anaona pia yanayoulizwa. Hilo ni kweli kwa Cloudflare, kwa OpenDNS, na ni kweli vile vile kwa kampuni ya simu ambayo watu wanaitumia leo bila kufikiri. Ndiyo sababu nyingine ya kuchagua kwa macho wazi, na ya kuwaambia wote waliomo ndani ya nyumba au ofisi nani amechaguliwa.

Kwa familia zilizokimbia

Tangu mwezi wa pili wa 2023, mapigano kati ya Wambole na Walengola, yaliyoanza kwa ugomvi wa ardhi upande wa Lubunga, yamewafukuza maelfu ya watu makwao. Wengi walivuka mto Kongo na kuishi katika maeneo ya kukusanyikia au kwa ndugu. Kwa familia hizo simu ni zaidi ya mchezo. Ndiyo inayosema kama kijiji kimetulia, kama kaka amepatikana, kama msaada umefika. Kuwakatia hiyo ni kuwakimbiza mara ya pili.

Kwa sababu hiyo hiyo, wao ndio wanaowindwa. Ukurasa wa uongo unajua njaa iko wapi. Unaandika kwamba familia zilizohama zijiandikishe hapa zipate dola, unaweka alama ya Umoja wa Mataifa juu, na unaomba namba ya simu, kisha neno la siri, kisha «ada ndogo». HCR na PAM zimekwisha kuonya mara nyingi kwamba misaada yao haiuzwi na kwamba hakuna anayelipa ili aandikishwe. Chujio linazuia kurasa nyingi za wezi zinazojulikana. Ukurasa uliozaliwa jana linaweza lisiujue bado. Basi kwa kila familia kanuni ibaki moja: anayeomba pesa ili atoe msaada ni mwizi, hata akiwa na alama nzuri.

Vijana wanaojua simu, ambao hawakosekani katika kanisa, msikiti wala kartie, wanaweza kufanya kazi hapa. Jumamosi moja, meza moja, kiti kimoja, na jina moja la kuandika kwenye «DNS privé» ya kila anayekubali. Neno muhimu ni anayekubali. Mama aliyekimbia Lubunga hajapoteza haki ya kuamua juu ya simu yake kwa sababu analala kwenye turubai. Aelezwe ni nini, kinazuia nini, kinatolewa namna gani. Akisema hapana, iwe hapana. Mashirika yanayogawa wifi katika maeneo ya wahamaji yafuate kanuni ile ile ya ofisi: orodha fupi, ukutani, bila habari ndani yake.

Nani aanze

Hakuna wa kumngojea. Gavana hahitajiki, waziri hahitajiki, wala mradi wenye bajeti na semina ya siku tatu hotelini. Mwenye ruta aanze na ruta yake. Asiye na ruta aanze na simu yake mwenyewe kabla ya kuigusa ya mtoto. Mkuu wa shule aanze na kompyuta za shule. Mwenye siber aanze na mashine zake, abandike karatasi mlangoni, na wazazi watajua ni siber ipi ya kumtuma mtoto.

Na siku Kinshasa itakaposema tena kwamba inafunga mitandao kwa ajili ya maadili, wakaaji wa Barumbu wawe na jibu: maadili yamekwisha kushughulikiwa nyumbani, serikali iache habari wazi, ifukuze wezi, irudishe amani Lubunga ili watu walale makwao.